Ushindi 14, Pointi Sifuri

Ukiupata msimamo wa ligi ya raga ya Australia, NRL, wa mwaka 2010, usipoteze muda juu. Shuka moja kwa moja mpaka chini. Nafasi ya 15 wapo North Queensland Cowboys: mechi 24, ushindi 5. Timu mbovu, hakuna ubishi. Lakini siyo wao walioshika mkia. Chini yao, nafasi ya 16 na ya mwisho, wapo Melbourne Storm: mechi 24, ushindi 14, kupoteza 10, pointi 0.

Asiyejua habari yenyewe atadhani mchapaji alisinzia. Panda tena juu uone. New Zealand Warriors walishinda mechi 14 mwaka huo huo wakamaliza wa 5. Sydney Roosters walishinda 14 wakamaliza wa 6, na hao Roosters wakaenda mpaka fainali. Timu tatu, ushindi ule ule, na moja kati yao iko shimoni na sifuri yake. Wenzetu wa kule wana desturi ya kusema kwamba anayeshika mkia amepewa mwiko, ule wa kusongea ugali. Kwa Kiswahili neno hilo lina maana ya pili, na kwa Storm ya 2010 nadhani hiyo ya pili ndiyo inayofaa zaidi.

Msimamo wa ligi ni maandishi kama maandishi mengine. Una mwandishi, una mhariri, una vilivyowekwa na vilivyofutwa. Huu wa 2010 unavutia kwa sababu ufutaji wake umefanyika mchana kweupe. Haukuficha ushindi wa Storm. Umeuandika, kisha pembeni yake ukaandika kwamba hauna thamani.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo. Raga tunayoizoea Afrika Mashariki, ile ya Wakenya wa wachezaji saba na ndugu yake ya wachezaji 15, siyo hii. Hii ni rugby league, ya wachezaji 13, na ilizaliwa kwa ugomvi wa ujira. Mwishoni mwa karne ya 19, kaskazini mwa Uingereza, raga ilichezwa na wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, unakatwa mshahara. Klabu za Yorkshire na Lancashire zikaomba ruhusa ya kumfidia mchezaji muda wa kazi alioupoteza. Wakubwa wa chama cha raga, watu wa shule za kulipia na vyuo vikuu ambao Jumamosi yao haikuwa na msimamizi wa kiwanda, wakakataa mwaka 1893. Mwanamichezo halisi, walisema, hachezi kwa pesa. Rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba.

Tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli iitwayo George katika mji wa Huddersfield, klabu hizo zikajitoa na kuunda chama chao. Sasa angalia jambo hili, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Walipohalalisha malipo, papo hapo waliyawekea kikomo: isizidi shilingi 6 kwa siku. Yaani mchezo uliozaliwa kwa kudai mtu alipwe haki yake uliamka siku ya kwanza tayari una swali la pili: alipwe mpaka wapi? Miaka 115 baadaye swali hilo lilikuwa bado halijapata jibu.

Wapenzi wa riwaya wanalijua eneo hili kupitia David Storey. Riwaya yake ya 1960, *This Sporting Life*, inamfuata mchezaji wa mchezo huu, Arthur Machin, kijana wa kiwandani anayegundua kwamba mwili wake una bei. Storey hakuwa anasimulia ya kuambiwa. Alikuwa na mkataba na klabu ya Leeds huku akisoma uchoraji London, akipanda treni kwenda kaskazini kuvunjwa mbavu na kurudi kushika brashi. Wengi wanamkumbuka Machin kwa mapenzi yake yaliyoharibika. Mimi namkumbuka kwa jinsi anavyosubiri kuambiwa anauzwa shilingi ngapi. Katika mchezo huu bei ya mtu haikuwahi kuwa jambo la aibu. Aibu ilikuwa kuificha.

Mchezo ulianza Sydney mwaka 1908, ukashika vitongoji vya wafanyakazi vya mji ule kama moto wa nyikani. Kila kitongoji na klabu yake, kila klabu na babu zake. Shida ikawa ile ile tunayoiona kwenye kila ligi: tajiri ananunua, maskini analea watoto ili tajiri aje achukue. Mwaka 1990 wakaanzisha kikomo cha mishahara. Kila klabu inapewa kiasi kimoja cha kulipa kikosi chake, na ukikizidi unaadhibiwa. Mwaka 2010 kiasi hicho kilikuwa dola za Australia milioni 4.1. Kikomo hicho ndicho kinachofanya timu iliyoshika mkia mwaka huu iweze kucheza fainali mwaka kesho, jambo ambalo Roosters walilifanya: wa mwisho 2009, fainali 2010. Shabiki wa ligi ambayo bingwa anajulikana kabla ya msimu kuanza hawezi kulielewa hilo bila wivu kidogo.

Melbourne Storm hawakuwa na babu. Mji wao ni wa mpira wa Kiaustralia, ule wa uwanja wa duara, na rugby league kule ilikuwa kama kuuza barafu kwa mtu mwenye jokofu. Klabu iliundwa 1997, baada ya vita ya miaka michache kati ya chama cha zamani na kampuni ya Rupert Murdoch, News Limited, ya kugombea haki za kuuonyesha mchezo kwenye televisheni. Vita ilipoisha, pande zote mbili ziligawana umiliki wa ligi mpya, na News wakabaki pia na klabu ya Melbourne. Storm walianza kucheza 1998 na mwaka uliofuata tu wakatwaa ubingwa. Hilo shika, tutalirudia.

Chini ya kocha Craig Bellamy walikuja kuwa kitu kingine kabisa. Fainali nne mfululizo, 2006 hadi 2009. Walipoteza ya kwanza, wakaipiga Manly 34–8 mwaka 2007, wakapigwa na Manly hao hao 40–0 mwaka 2008, kisha wakaifunga Parramatta 23–16 mwaka 2009. Kikosi chao kilikuwa na vijana wanne waliokua pamoja: Cameron Smith, nahodha, Cooper Cronk, Billy Slater, na Greg Inglis. Kuwa na mmoja wa aina hiyo ni bahati. Kuwa na wanne, wote wakiwa kwenye umri wao mzuri, ndani ya kikomo kile kile ambacho wenzako wanakitumia kumlipa mmoja na nusu, ni muujiza. Watu waliusifu muujiza huo miaka mitano. Sifa zilikwenda kwa kocha, mazoezi, nidhamu. Na kocha alistahili. Lakini muujiza ulikuwa na hesabu nyingine kabatini.

Namna yenyewe haikuwa ya kijasusi. Mchezaji anasaini mkataba unaopelekwa ligi kusajiliwa, una kiasi kinachokubalika. Pembeni yake kuna barua ya pili, isiyopelekwa popote, inayoahidi kilichobaki. Madaftari mawili, moja la kumwonyesha mkaguzi na moja la ndani. Hata wenye maduka ya jumla mtaani kwetu wangeona ni kazi ya kawaida. Mtu wa ndani alitoa taarifa, mkaguzi wa mishahara wa ligi, Ian Schubert, mchezaji wa zamani, akafuatilia, na barua zikapatikana. Wakaguzi wa kampuni ya Deloitte walipomaliza kazi yao Julai, jumla ilikuwa dola milioni 3.17 juu ya kikomo kwa miaka mitano.

Alhamisi, tarehe 22 Aprili 2010, mtendaji mkuu wa ligi, David Gallop, aliketi mbele ya waandishi wa habari akasoma hukumu. Ubingwa wa 2007 umefutwa. Wa 2009 umefutwa. Heshima ya kuongoza msimamo mwaka 2006, 2007 na 2008, imefutwa. Ubingwa wa klabu za dunia waliouchukua Februari mwaka ule ule, wakiifunga Leeds Rhinos nyumbani kwa Leeds, umefutwa. Faini na pesa za zawadi zilizorudishwa, jumla dola milioni 1.689. Pointi 8 walizokuwa nazo msimu ule, zimeondolewa. Na hapa ndipo penye jambo lisilo la kawaida: hawatapata pointi nyingine yoyote mpaka msimu uishe.

Ligi ilikuwa na sababu. Kikosi kile kilikuwa bado kiko juu ya kikomo siku hiyo hiyo, na huwezi kufukuza wachezaji katikati ya msimu ili hesabu ikae sawa. Kuwaacha wakusanye pointi kungekuwa kubariki kosa huku ukiliadhibu. Kuwafungia wasicheze kungeziumiza klabu 15 zilizopangiwa mechi nao, na televisheni iliyokwisha kulipia. Basi wakaamriwa kucheza. Mpinzani akishinda anachukua pointi zake 2 kama kawaida. Storm wakishinda, anayefungwa anarudi mikono mitupu, na wao pia wanarudi mikono mitupu.

Kulikuwa na mfano wa karibu. Mwaka 2002 Canterbury Bulldogs, waliokuwa wanaongoza ligi, walipokonywa pointi 37 kwa kosa hilo hilo wakaishia na mwiko. Lakini Bulldogs waliadhibiwa Agosti, msimu ukiwa unaelekea ukingoni. Storm walikuwa wamecheza mechi 6. Zilibaki 18.

Siku tatu baada ya hukumu ilikuwa Jumapili ya tarehe 25 Aprili, Siku ya Anzac, ambayo Waaustralia na Wanyuzilandi huwakumbuka askari wao walioshuka Gallipoli mwaka 1915. Storm walikuwa nyumbani dhidi ya Warriors kutoka New Zealand. Wangeweza kucheza kama watu wanaosaini mahudhurio kazini. Walishinda 40–6. Mashabiki waliojaa uwanjani walishangilia trai baada ya trai, wakijua fika kwamba jioni ile msimamo ukichapishwa timu yao itakuwa palepale.

Nimejiuliza sana walikuwa wanashangilia nini. Jibu la haraka ni hasira: sisi dhidi ya dunia. Hasira ilikuwepo, lakini hasira hudumu wiki mbili. Msimu ulikuwa na miezi minne na zaidi mbele. Mwezi wa Mei walihamia uwanja mpya kabisa, AAMI Park, wa kwanza katika mji ule kujengwa kwa umbo la michezo yao badala ya kubanwa kwenye viwanja vya wengine. Fikiria unahamia nyumba uliyoisubiri miaka kumi na siku hiyo hiyo unaambiwa hakuna barua itakayofika kwa anwani yako. Walicheza humo. Walipoteza mechi kadhaa, maana hata miguu ina akili zake. Katika mechi 18 zile walishinda 10.

Katikati ya msimu yakaja mashindano ya majimbo, State of Origin. Smith, Slater, Cronk na Inglis waliitwa Queensland, wakaifunga New South Wales mechi zote tatu, na Slater akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Kwa hiyo watu wale wale, wiki moja walikuwa wanacheza mechi kubwa kuliko zote nchini, na wiki iliyofuata wanarudi Melbourne kucheza kwa sifuri. Waliolipwa, ndiyo. Mshahara halali uliendelea kuingia, na wengi wangesema kwamba hapo hakuna cha kuhurumia. Mimi nakubali nusu. Wachezaji wameshikilia miaka yote kwamba hawakujua ofisi inafanya nini na barua zile. Wapo wanaoamini, wapo wanaocheka. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyeahidiwa pesa na mwajiri akazipokea hajavunja kitu ambacho mchimba makaa wa 1895 angekitambua kama kosa.

Ambaye angelitambua ni mchimba makaa wa timu pinzani. Hapo huruma yangu kwa Storm hupungua. Chukua Parramatta ya 2009. Walimaliza nafasi ya 8, wakapenya kwa mlango wa nyuma, wakabebwa na Jarryd Hayne aliyekuwa anacheza kama mtu aliyelogwa, wakafika fainali. Klabu hiyo haikuwa imechukua ubingwa tangu 1986. Wakafungwa kwa pointi 7 na timu ambayo sasa tunajua ilinunuliwa kwa pesa zisizoruhusiwa. Miezi sita baadaye mshindi anafutwa. Je, kombe likaenda Parramatta? Hapana. Wala la 2007 halikwenda Manly. Ligi iliamua miaka hiyo miwili haina bingwa, basi.

Nadhani ligi ilifanya sawa. Sisi wa ligi za huku tunaujua ushindi wa mezani, unavyochapishwa kwenye msimamo na kila mtu akajifanya hakumbuki. Manly kutangazwa mabingwa wa mechi waliyopigwa 34–8 ingekuwa uongo juu ya uongo. Pengo ni la kweli zaidi. Lakini pengo halijali. Mchezaji wa Parramatta aliyestaafu bila medali hana hata msitari wa kuonyesha kwamba alidhulumiwa. Kwenye rekodi yeye ni mshindi wa pili wa shindano lisilo na mshindi wa kwanza. Na ubingwa wa Storm wa 1999, ule niliokwambia ushike, haukuguswa. Ndiyo sababu klabu haikurudi kuwa kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Kuna mhusika mmoja ambaye simulizi nyingi humpitia kwa adabu. News Limited walikuwa na klabu ya Storm. Walikuwa na nusu ya ligi iliyoiadhibu Storm. Walikuwa na hisa nyingi za Brisbane Broncos, waliocheza dhidi ya Storm. Na walikuwa na magazeti ya Melbourne na Sydney yaliyoandika kila siku kuhusu Storm. Mshtakiwa, hakimu, jirani na mwandishi wa habari za mahakama walikuwa wanakula sufuria moja. Wakurugenzi wanne wa klabu ambao hawakuwa watu wa News walikwenda mahakamani kupinga jinsi adhabu ilivyotolewa. Julai, ripoti ya Deloitte ilipotoka, News wakawaondoa. Sisemi hukumu ilikuwa ya uongo. Hesabu zilikuwa wazi na klabu ilikiri. Nasema tu kwamba kwenye mambo kama haya mwandishi wa habari ajifunze kuuliza nani analipia wino.

Tarehe 5 Septemba 2010 walicheza ya mwisho, nyumbani, na Newcastle Knights. Wakashinda 34–4. Hakukuwa na mchujo wa kuusubiri. St George Illawarra Dragons waliwafunga Roosters 32–8 kwenye fainali wakawa mabingwa, safari hii wa kweli na wa maandishi.

Ili mwaka uliofuata waingie ndani ya kikomo, Storm walilazimika kuwaachia watu. Inglis akaenda South Sydney. Brett White akaenda Canberra, Aiden Tolman akaenda Bulldogs. Ryan Hoffman, Brett Finch na Jeff Lima wakavuka bahari mpaka Wigan, kaskazini mwa Uingereza, kwenye nchi ile ile ya makaa ya mawe ambako mambo haya yote yalianzia. Smith, Slater na Cronk walibaki. Mwaka 2011 Storm waliongoza msimamo, na mwaka 2012 wakawa mabingwa, safari hii na daftari moja.

Rekodi za fainali za ligi ile bado zina kitu cha kuchekesha kidogo. Mbali na kombe, fainali hutoa medali ya mchezaji bora, Clive Churchill. Ya 2007 ni ya Inglis, ya 2009 ni ya Slater, na hizo hazikufutwa. Ukizisoma orodha mbili sambamba utakuta mchezaji bora wa mechi aliyeichezea timu iliyoshinda mechi ambayo hakuna aliyeshinda.

Na Parramatta? Mwaka 2016 ligi iliwapokonya pointi 12 na kuwatoza faini ya dola milioni 1. Kosa: kuzidisha kikomo cha mishahara.